Anayecheza na anayetia sahihi: maisha ya kazi ndani ya makundi ya dansi ya kisasa Uganda

Mwulize mchezaji wa dansi ya kisasa mjini Kampala anafanya kazi wapi, naye atakutajia jina la kundi kwa sauti ileile ambayo mwingine angetaja benki au wizara. Kisha mwulize kundi linamlipa kiasi gani kwa mwezi. Atanyamaza kidogo, maana kundi halimlipi mshahara. Mara nyingi yeye ndiye anayelilipia kundi: nauli ya boda boda ya kwenda mazoezini, mchango wa kukodi ukumbi, bando la kutuma video ya maombi ya tamasha. Hata hivyo hakukudanganya. Kazi yake iko pale.

Nilikuwa mweka hazina wa kundi la namna hiyo kwa miaka kadhaa. Wachezaji walikuwa tisa: sita wa Kampala na viunga vyake, wawili waliokuja kama wakimbizi kutoka Goma na Bunia, na dada mmoja wa Nairobi. Mimi nimekulia Arua, ambako Kiswahili huvuka mpaka kila siku ya soko. Kampala wapo wengi ambao bado wakikisikia Kiswahili hukumbuka jeshi na polisi. Katika ukumbi wetu kilikuwa lugha ya kuhesabia. Moja, mbili, tatu, nne, kwa sauti ya yule kijana wa Goma, na hata Waganda wa Buganda walihesabu hivyo. Katika miaka hiyo nimeulizwa na wazazi, mashemeji na makarani wa benki swali lilelile: hili kundi ni nini hasa? Ni kampuni, ni chama, ni ndugu, au ni vijana wasio na kazi wanaokutana jioni? Jibu si fupi.

Kwanza neno lenyewe. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, dansi ni bendi, magitaa na watu wawili wawili ukumbini. Dansi ya kisasa ninayoizungumzia hapa ni sanaa ya jukwaani. Mtunzi hutunga kwa miili ya watu kama vile mshairi anavyotunga kwa maneno, na onyesho linaweza kuwa na muziki, likawa na kelele za mtaani, au likapita robo saa nzima katika ukimya. Si lazima lisimulie hadithi. Wala halikuanguka kutoka Ulaya kama wanavyodhani baadhi ya watu. Wengi wa wachezaji wetu walianzia kwenye mashindano ya shule ya muziki, ngoma na maigizo, ambako mtoto wa Lira hujifunza bakisimba ya Waganda na mtoto wa Masaka hujifunza larakaraka ya Waacholi. Akifika miaka 18, mwili wake umekwisha kusema ngoma za ekitaguriro, runyege na tamenhaibuga. Kiswahili kina bahati ya neno ngoma, ambalo ni chombo, ni mchezo na ni shughuli yenyewe kwa pamoja. Hawa ni watoto wa ngoma waliotaka kuuliza maswali yao wenyewe kwa miili yao.

Kwa nini kundi

Nchi iliwahi kuwa na kundi la taifa. Heartbeat of Africa liliundwa miaka ya 1960 na likazunguka nchi za nje likionyesha ngoma za Uganda. Leo hakuna kundi la taifa la dansi ya kisasa linalotoa mshahara. Jumba la Taifa la Maonyesho, lililofunguliwa Kampala mwaka 1959, lina viti visivyofika 400 na jukwaa zuri, lakini mchezaji huingia mle kama mpangaji wa siku. Idara ya Makerere iliyoanza mwaka 1971 kufundisha muziki, ngoma na maigizo imetoa walimu na watafiti wengi. Shahada, hata hivyo, haiji na ukumbi.

Kwa hiyo watu walijiundia wenyewe, na kila mmoja kwa njia yake. Stephen Rwangyezi alianzisha Ndere Troupe mwaka 1984, na baadaye likapata makao yake, Ndere Centre, mahali ambapo wageni na wenyeji hulipa kuingia, wakaketi, wakala na kutazama ngoma. Hiyo ni njia ya kuwa na nyumba. Roger Masaba na kundi lake Footsteps, kisha Jonas Byaruhanga na kundi lake Keiga, walifuata njia ya mtunzi anayekusanya wachezaji na kupeleka kazi zake kwenye majukwaa ya ndani na ya nje. Abraham Tekya, anayejulikana kama Abramz, alianzisha Breakdance Project Uganda mwaka 2006, madarasa ya bure ambamo anayejifunza hatua leo hutakiwa kumfundisha mwenzake kesho. Hapo mali ya kundi ni mafunzo, na humilikiwa na yeyote aliyekuja. Ukimsikia mtu akisema "kundi" bila kueleza ni lipi kati ya haya, bado hajakueleza kitu.

Kuna sababu isiyozungumzwa sana ya watu kushikana hivi, nayo ni sakafu. Mwili unaoruka na kutua unahitaji mbao zinazobonyea. Kumbi nyingi tunazoweza kuzilipia ni saruji au vigae, na saruji hulipiza kisasi kwenye magoti na miundi. Mchezaji mmoja hawezi kukodi ukumbi wenye mbao. Tisa wanaweza, kwa saa mbili. Na goti likigoma, hakuna bima ya afya ya taifa ya kumpokea: muswada wake ulipita bungeni mwaka 2021 lakini haukutiwa sahihi kuwa sheria. Anayempokea ni daftari la michango. Nimeandika mle majina mengi ya watu waliochangia picha ya eksirei ya mwenzao kabla ya kulipa kodi ya chumba chao.

Wanakula nini

Jumatatu hadi Alhamisi mazoezi. Jumamosi yuleyule aliyekuwa akitafuta ukimya wa bega lake hujifunga ngozi ya mbuzi kiunoni na kucheza bakisimba kwenye kwanjula, pale bwana harusi anapotambulishwa ukweni. Kwanjula ndiyo inayolisha dansi ya kisasa ya Kampala, na sioni aibu kulisema hilo. Kuna pia video za wanamuziki, ufundishaji kwenye shule za binafsi, na maonyesho ya uhamasishaji ambayo mashirika hulipia: malaria, ukimwi, usafi wa maji. Mara chache kuna ada ya tamasha, kama vile Bayimba, lililoanza mwaka 2008 kwenye viwanja vya jumba lilelile la taifa na baadaye likahamia kisiwa cha Lunkulu.

Nchini Uganda posho ni ugali. Kwa Mswahili wa pwani posho ni malipo ya kujikimu. Katika makundi maana hizo mbili zimekutana, kwa sababu malipo ya siku ya mazoezi mara nyingi ni sahani ya posho na maharage.

Tufanye hesabu ya mfano, maana hapa ndipo watu wa nje wanapopotea. Tuseme shirika limelialika kundi kwa Sh 10,000,000 za Uganda. Kwa masikio ya jirani, hao vijana wametajirika. Kama shirika hilo limeteuliwa kuwa wakala wa kukata kodi ya zuio, litakata asilimia 6, kwa kuwa malipo yamepita Sh 1,000,000. Zinaondoka 600,000. Mavazi, wapiga ngoma wa kukodi na gari la kubebea vyombo, tuseme 1,400,000. Zinabaki 8,000,000. Kundi lililojipanga huweka sehemu kwenye mfuko wake. Chukua asilimia 20, yaani 1,600,000. Sasa zimebaki 6,400,000 za kugawana watu kumi, wachezaji tisa na mtunzi. Kila mmoja 640,000. Lakini onyesho hilo lilifanyiwa mazoezi wiki kumi, siku nne kila wiki. Gawanya kwa siku 40, unapata Sh 16,000 kwa siku, na boda boda bado haijalipwa.

Zile 600,000 nazo zina kisa chao. Kundi lenye nambari ya mlipa kodi, likipeleka hesabu zake za mwaka, huhesabiwa kwamba kiasi hicho limekwisha kukilipa. Kundi lisiloandikishwa halina pa kuzidai. Baya zaidi, kundi lisiloandikishwa halina akaunti ya benki, kwa hiyo fedha hupitia akaunti ya mwanzilishi. Kuanzia siku hiyo, mbele ya mamlaka ya kodi, zile milioni kumi ni pato la mtu mmoja. Na machoni pa wachezaji, polepole, zinaanza kuonekana hivyo pia. Nimeona urafiki wa miaka minane ukivunjika juu ya jambo hili, na hakuna aliyeiba hata shilingi.

Basi waandikishwe, utasema. Waandikishwe kama nini? Jina la biashara ni rahisi na halichukui muda, lakini nyuma ya jina husimama mtu aliyeliandikisha, kwa hiyo tumerudi palepale. Kampuni isiyo na hisa, yenye ukomo wa dhamana, huwapendeza wafadhili kwa sababu wanachama hawagawani faida. Wachezaji wanaweza kulipwa kwa kazi waliyofanya, ila kinachobaki ni cha kampuni. Hiyo inataka wakurugenzi, mihutasari ya vikao na taarifa ya kila mwaka. Kuna kikundi cha kijamii kinachoandikishwa wilayani, na kuna shirika lisilo la kiserikali chini ya sheria ya mwaka 2016, lenye kibali na masharti yake. Mwenye harusi anataka risiti tu. Mfadhili anataka katiba na hesabu zilizokaguliwa. Kundi moja linajikuta likivaa kofia mbili, na yule anayejua kuandika maombi kwa Kiingereza kizuri anakuwa na nguvu kuliko anayejua kucheza. Hilo la mwisho linaniuma, kwa sababu huyo mwandishi wa maombi nilikuwa mimi.

Kazi ni ya nani

Ingia mazoezini uone kazi inavyozaliwa. Mtunzi husema: tembea kama umebeba maji kichwani, na kuna mtu anakuita kwa nyuma. Wachezaji tisa wanatafuta. Dada mmoja wa Kampala anageuza shingo bila kugeuza kiwiliwili, anashuka mpaka magoti yanakaribia sakafu, na yale maji yasiyokuwepo hayamwagiki. Ukumbi mzima unasimama kumtazama. Mtunzi anasema, hiyo tunaiweka. Anaihamisha mwanzoni mwa sehemu ya pili, anawapa wote tisa waifanye kwa kupishana hesabu mbili, anaondoa muziki. Miezi mitatu baadaye bango la tamasha linatoka na jina moja chini ya neno "mtunzi".

Ni ya nani ile shingo?

Sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya Uganda, ya mwaka 2006, inazitaja tungo za dansi miongoni mwa kazi zinazolindwa. Inataka mambo mawili: kazi iwe ya asili ya mtunzi, na iwe imewekwa katika umbo la kushikika, kwa njia yoyote ile. Kwa mshairi umbo hilo ni karatasi. Kwa wacheza dansi ni video, na hapa wengi hujikwaa, kwa sababu kazi isiyowahi kurekodiwa ni vigumu kuitetea. Sheria inajua pia utunzi wa pamoja, pale michango ya watu wawili au zaidi isipoweza kutenganishwa. Na inampa mchezaji hakishiriki juu ya uchezaji wake mwenyewe, hata kama hakutunga kitu. Kwa maneno mengine, mambo matatu ambayo bango linayafunga chini ya jina moja, sheria inayaona kuwa matatu: aliyepanga, waliozaa miondoko, na waliocheza usiku ule. Halafu kuna suala la ajira. Aliyeajiriwa akitunga katika kazi yake, haki huenda kwa mwajiri isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Lakini nani ameajiriwa hapa, ikiwa hakuna mshahara wala mkataba?

Mimi naamini shingo ile ni ya yule dada, na kipande kizima ni cha mtunzi pamoja naye. Wako watunzi ninaowaheshimu wanaokataa. Wanasema atoaye tofali si mjenzi, na kwamba bila jicho lililochagua, lile tendo lingepotea jioni ileile. Wana sehemu ya haki. Ndiyo maana kugawa fedha sawasawa, jambo ambalo makundi mengi hujivunia, hakumalizi neno: mgawo sawa unafaa kwa usiku wa onyesho, wakati wote wanatoka jasho sawa, lakini haumtambui aliyetumia usiku kucha akipanga, wala aliyezaa tendo ambalo kipande kitakumbukwa nalo. Kundi letu lilifika mahali likatenganisha malipo ya kutunga na malipo ya kucheza, na kuandika majina ya wote waliozaa miondoko kama watunzi wenza. Ilituchukua vikao vinne, viwili vikiwa vya machozi.

Nyuma ya swali hilo kuna la kale zaidi. Yule dada alikuwa Mganda, na kile kiuno kilichoshuka bila maji kumwagika kilikuwa na bakisimba ndani yake. Sheria inazitambua sanaa za jadi kuwa kitu cha kulindwa, na dunia nayo imeanza kuziorodhesha: bigwala ya Busoga, tarumbeta za vibuyu na ngoma yake, iliingia mwaka 2012 kwenye orodha ya UNESCO ya mambo yanayohitaji kulindwa kwa haraka. Lakini mtunzi wa kisasa anayechukua mzunguko mmoja wa ngoma ya wazee na kuupunguza kasi mpaka uonekane mgeni, amwombe nani ruhusa? Nimeona njia moja tu inayoridhisha. Aende kwa wanaoicheza, akae nao, awalipe kama walimu, na jina la ngoma yao lisomwe pamoja na majina ya wachezaji.

Upande wa makusanyo kuna pengo. Wanamuziki, watu wa filamu na waandishi wana vyama vya kuwakusanyia mirabaha. Video ya dansi ikichezwa hadharani, mwenye wimbo ana wa kumdai kwa niaba yake. Mwenye miondoko hana.

Safari na anayebaki

Barua ya mwaliko ikifika, swali la kwanza ni idadi. Tamasha la Ulaya linalipia tikiti nne. Kundi lina tisa. Viza ya Schengen imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, hairudishwi ukinyimwa, na anayeomba huulizwa akaunti ya benki na barua ya mwajiri, vitu viwili ambavyo nimekwisha eleza kwa nini mchezaji hana. Mwenye hati ya ukimbizi ana milima mingine juu ya hiyo. Watazamaji wa nje hujiuliza kwa nini kazi nyingi za Afrika wanazoziona ni za mtu mmoja au wawili jukwaani, na wengine huandika kwamba ni upweke wa msanii wa kisasa. Mimi ninaona bei ya tikiti. Mtunzi anayetaka kusafiri hutunga kipande kinachoingia kwenye begi moja, na miaka ikipita hata mawazo yake yanazoea ukubwa huo.

Njia za karibu zina huruma zaidi. Tangu 2014 raia wa Uganda huenda Kigali na Nairobi kwa kitambulisho cha taifa tu, basi la usiku, watu tisa na ngoma zao. Senegal iko École des Sables ya Germaine Acogny, iliyoanza mwaka 1998, ambako wachezaji wa bara zima hukutana kwa mafunzo. Kisangani, mji wa Kongo unaosema Kiswahili, mtunzi wa dansi Faustin Linyekula amejenga Studios Kabako baada ya kuanza kazi zake Nairobi miaka ya 1990. Ninapowaambia vijana kwamba kuna dunia ya dansi inayofikika bila kupitia Paris, huo ndio ushahidi wangu.

Wako wanaosafiri wasirudi. Siwalaumu. Lakini kundi lililobaki linapaswa kujua mapema jina linabaki kwa nani. Wanawake ndio wanaotoka mapema kuliko wote, na mara nyingi hawatoki kwa kuchoka dansi: mazoezi huisha usiku, boda boda ya saa nne ina hatari zake, na mimba hukuta hakuna likizo. Katika miaka yangu walitoka watatu. Mmoja tu alirudi, kwa sababu mama mkwe wake alikubali kukaa na mtoto siku za mazoezi. Akiba ya uzeeni inawezekana, kwa kuwa sheria ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, iliyorekebishwa mwaka 2022 inamruhusu asiye na mwajiri kujiwekea kwa hiari. Niliwashawishi wachezaji wawili tu.

Mtihani mkubwa ulikuja Machi 2020. Kumbi zilifungwa kwa ajili ya korona na hazikufunguliwa tena kikamilifu hadi Januari 2022. Kwanjula zilipungua watu, mashirika yalihamishia fedha kwingine. Makundi yaliyokuwa na jina tu yalikufa kimya kimya. Letu liliishi kwa ule mfuko wa asilimia 20 kwa miezi mitano, kisha kwa mahindi ya shambani kwa baba wa mmoja wetu, huko Mityana.

Lilipokuja kufa lilikufa kwa jambo dogo. Mwanzilishi alipata nafasi nje ya nchi, tukamfanyia sherehe, tukalia kwenye maegesho ya Entebbe. Wiki tatu baadaye tamasha moja likaomba video kamili ya kipande chetu cha mwisho, kile chenye shingo. Barua pepe ya kundi ilifunguliwa kwa nambari yake ya simu, laini aliyoiacha Kampala. Ukurasa wa video ulifungwa kwa barua pepe hiyohiyo. Alitusaidia kwa kila namna aliyoweza akiwa mbali, na mtandao ukamwambia kila mara kwamba haumtambui. Kilichobaki ni dakika kumi na moja alizorekodi yule kijana wa Goma kwa simu yake siku ya mazoezi ya mwisho. Ukumbi ni wa vigae. Sauti yake inasikika ikihesabu moja mpaka nane, na inapofika nane dada yule anashuka.